Mashine Iliyofungwa Utepe Miezi Saba

Mgeni rasmi, kabla hatujakukaribisha tunakuomba radhi kwa mambo mawili.

La kwanza, risala hii inasomwa bila kipaza sauti. Tumemchagua mpishi wa hospitali aisome kwa sababu yeye huita sahani kutoka jikoni hadi wodi ya mwisho na hakuna mgonjwa aliyewahi kusema hakusikia. La pili, mwenzetu aliyepaswa kusimama hapa, ambaye ndiye pekee anayeijua vizuri mashine uliyokuja kuizindua, hayupo chini ya turubai hili. Yuko wodi ya nne. Ameketi kwenye kigoda cha plastiki, mkono wake mmoja umeshika kifundo cha mguu wa mama muuza vitambaa, na kichwa cha mama huyo kiko ndani ya mashine. Tunapoanza kusoma zimebaki dakika ishirini na mbili. Mama huyo anaogopa mahali pembamba. Akiachiwa mguu atatikisika, akitikisika picha itavurugika, na kazi yote itaanza upya.

Mambo haya mawili ni jambo moja. Mashine hii hufanya kazi kwa kusikiliza mnong'ono mdogo sana unaotoka ndani ya kichwa cha mgonjwa. Jenereta ya sherehe na spika zikiwaka hapa uani, mnong'ono unamezwa, na picha inatoka na mistari kama shati la kulalia. Kwa hiyo tumezizima. Kijana wa muziki amekasirika, tumemwelewa.

Robo saa iliyopita afisa wako wa itifaki alifika wodini. Mwenzetu huyo sisi humwita Bi Taratibu, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa hapa hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Afisa alimwambia, "Bibie, hiyo mashine ina magurudumu, si ndiyo?"

"Inayo."

"Basi isukumeni mpaka kwenye zulia jekundu. Mgeni rasmi hawezi kukata utepe humu. Kuna harufu."

"Ina mtu ndani, kaka."

"Mtoeni kidogo, halafu mtamrudisha."

"Kichwa cha mtu si droo, kaka," alisema Bi Taratibu, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. "Hakivutwi na kurudishwa."

Ndiyo sababu zulia liko wazi, Mgeni rasmi. Halikusahauliwa.

KARIBU

Karibu sana katika hospitali yetu. Tunasema hivyo kwa moyo, maana tumekungoja kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kumngoja mtu yeyote, na mtu akingojwa hivyo huwa mgeni wa kweli.

Katika faili ulilokabidhiwa getini kuna risala ya kurasa mbili iliyopitishwa na ofisi inayoandaa uzinduzi. Imechapwa vizuri na ina asante kumi na moja. Hii tunayosoma si hiyo. Hii tumeiandika jana mchana kwenye meza ya chumba cha kubadilishia nguo, tukaisoma kwa pamoja, tukafuta kila mstari ambao hata mtu mmoja kati yetu aliutilia shaka, na leo tumeongezea yaliyotokea tangu hapo. Tunakuomba uisikilize mpaka mwisho. Ni ndefu kidogo kuliko ile, lakini ni fupi kuliko tulivyosubiri.

ILIVYOFIKA NA ILIVYOFUNGWA

Zamani, na zamani yenyewe ni mwaka jana, mgonjwa wetu akihitaji kupigwa picha ya ubongo kwa sumaku, yaani MRI, alipelekwa hospitali kubwa, safari ya saa sita kwa gari la wagonjwa. Mashine ya kule ni kubwa kama chumba. Inataka kuta maalumu, gesi ya baridi kali na umeme wake peke yake. Hatuidharau. Picha zake ni safi mno. Ila iko kule, na wagonjwa wako hapa.

Hii yetu ina sumaku dhaifu. Inamfika mtu kifuani, inapita kwenye mlango wa wodi, na inachomekwa kwenye soketi ile ile ya pasi. Mgonjwa hapelekwi kwake. Yenyewe husukumwa hadi kitandani. Inapiga kichwa tu. Picha zake hazing'ai kama za mashine kubwa, na kompyuta yake inafanya kazi ya ziada kuzisafisha. Lakini damu iliyovujia ndani ya fuvu inaionyesha. Kiharusi kikubwa inakionyesha. Maji yaliyojaa katika kichwa cha mtoto inayaonyesha, tena mama akiwa pembeni ameshika mguu wa mwanawe.

Ilipofika ndani ya kreti, aliyetia sahihi ya kuipokea ni Bi Taratibu, mpiga picha wetu wa eksirei. Wataalamu wa wale waliotuletea mashine walikuja siku mbili, wakaiunganisha, wakamwonyesha mambo ya mwanzo, wakamwachia kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na nne. Walipoondoka tu ikaja barua kutoka ofisi hiyo ya uzinduzi. Barua ilisema mashine isitumike kwa mgonjwa yeyote kabla ya uzinduzi rasmi. Pamoja na barua ulikuja utepe mwekundu. Ulizungushwa kwenye tundu la kuingizia kichwa, ukapitishwa kwenye magurudumu, fundo likashonwa kwa uzi ili lisilegee. Mashine ikaingizwa stoo. Mlango ukafungwa.

Bi Taratibu hakulalamika. Alisema, "Wakubwa wana sababu zao, tuwape wiki mbili." Kila saa ya chakula cha mchana alimwomba mtunza stoo amfungulie, akaketi juu ya boksi la glavu akasoma kile kitabu, bila kugusa kitu. Nyumbani alichora vibonye vyote vya skrini kwenye karatasi kubwa ya manila, akaibandika ukutani, akawa anafanya mazoezi kwa kubonyeza karatasi. Mume wake alimuuliza, "Mke wangu, hiyo karatasi inakujibu?" Akasema, "Bado. Lakini leo sijaikosea." Mume akaacha kucheka akawa mgonjwa wa mazoezi, analala sakafuni na kichwa chake ndani ya ndoo, bila kutikisika dakika arobaini. Anasema ndiyo usingizi mtamu kuliko wote aliopata mwaka ule.

Wiki mbili zilikuwa miezi saba na siku kumi na moja. Tarehe ya kwanza ya uzinduzi uliiahirisha wewe kwa sababu ya safari. Ya pili iliahirishwa kwa mvua. Ya tatu hatukupewa sababu, tulipewa tarehe ya nne. Kila mara tulifagia uwanja, tulipaka chokaa mawe ya njiani, na mtu kutoka ofisini alikuja na pasi akaunyoosha utepe palepale ulipofungwa. Mashine haikuwashwa hata mara moja. Utepe ulipigwa pasi mara tatu.

Katikati ya miezi hiyo, Jumanne moja saa nne asubuhi, mfua mashuka wetu alikuwa anaanika. Alikuwa na miaka kumi na moja kazini na mabishano yasiyokwisha na mpishi huyu anayekusomea. Kibanio kikamdondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Akacheka, "Leo mkono umeamka na usingizi." Mpishi akamjibu, "Wewe mwenyewe ndiye una usingizi tangu uzaliwe." Alipogeuka kumjibu, mdomo wake ulikuwa umeenda upande.

Mgeni rasmi, kiharusi ni cha aina mbili. Kuna mshipa ulioziba na kuna mshipa uliopasuka. Kwa nje havitofautiani. Dawa ya kile cha kwanza ni sumu kwa kile cha pili. Daktari alisimama kando ya kitanda akasema, "Nikijua ni kipi, nina la kufanya. Nisipojua, nikae nimwangalie."

Bi Taratibu alikwenda kwa mkuu wa hospitali. Hakukimbia, lakini walinzi wanasema hawajawahi kumwona akitembea vile.

"Mkuu, niruhusu nifungue mashine."

"Dada yangu, unajua barua inasemaje."

"Naijua kwa moyo. Naomba ruhusa hata hivyo."

"Ngoja nipige simu."

Akapiga. Akaambiwa mhusika yuko kikaoni. Akapiga tena, kikao kinaendelea. Mara ya tatu akaambiwa, kwa maneno haya haya, kwamba hospitali iliyokaa bila mashine miaka yote haiwezi kushindwa kungoja wiki moja zaidi. Mkuu akaweka simu, akaziba uso kwa mikono. Ameketi hapo kushoto kwako. Hatumlaumu zaidi ya anavyojilaumu mwenyewe.

Saa nane mchana gari la wagonjwa liliondoka na mfua mashuka kwenda hospitali kubwa. Alifariki njiani, saa ya nne ya safari.

Hatusemi kwamba angepona. Bi Taratibu ametukataza kusema hivyo, kwa sababu hatujui, na hatutaki kukuletea tusilolijua. Tunasema hivi tu: hakuna aliyejua anaumwa nini, na chombo cha kujua kilikuwa stoo, kizima, kimefungwa utepe. Kutoka kamba ya kuanikia hadi mlango wa stoo ni hatua arobaini na moja. Bi Taratibu alizihesabu wiki ile. Sisi tumezihesabu tena jana, mmoja baada ya mwingine, tusije tukakusomea namba ya kusikia.

MAFANIKIO, AMBAYO BARUA INAYAITA MAKOSA

Mwezi wa nane wa kungoja, Jumamosi mchana, bibi mmoja alimleta mumewe kwa toroli la mbao. Mume ni seremala, fundi wa milango. Wiki sita kabla alijigonga kichwa kwenye boriti, akajifuta, akaendelea na kazi. Polepole akaanza kuburuta mguu wa kushoto. Akawa analala mchana. Siku ile aliamka akamuuliza mkewe, "Mama, wewe ni wa nyumba gani?"

Majirani walimwambia bibi ni uzee. Bibi alituambia wodini, "Uzee nnaujua, naishi nao. Huu si uzee. Uzee hauji kwa wiki sita."

Daktari wa upasuaji, ambaye ni mtu wa kufoka, alimpima seremala, akasema anadhani kuna damu imekusanyika chini ya fuvu na inabana ubongo. "Ikiwa ni hiyo, natoboa, inatoka, anaamka. Lakini sitoboi kichwa cha mtu kwa kubahatisha. Upande gani? Mahali gani? Nani ataniambia?" Gari la wagonjwa lilikuwa limeharibika tangu Alhamisi.

Bi Taratibu akatoka. Hakwenda kwa mkuu safari hii. Alikwenda stoo.

Mtunza stoo alimwona akija akajua. "Bi Taratibu, mimi nina watoto wanne."

"Nawajua wote. Nimewapiga picha za kifua."

"Nikikufungulia, nitaandika nini kwenye daftari langu?"

"Andika kilichotokea. Saa tisa kasoro kumi alasiri, mashine imetoka kwenda wodi ya nne. Aliyeitoa ni mimi. Nipe kalamu nitie sahihi kabla hujafungua, ili ionekane hukunitangulia."

Akatia sahihi. Mlango ukafunguliwa. Akainama kwenye utepe akaanza kulifungua fundo kwa kucha. Daktari alikuwa amemfuata. "Unafanya nini? Kata!"

"Limeshonwa. Nikipata uzi wa kwanza litafunguka bila kuharibika."

"Dada, kuna mtu anakufa na wewe unamfumulia nguo ya harusi!"

Alijaribu kwa dakika moja zaidi. Kisha akachukua mkasi wa bandeji kutoka mfuko wa daktari, akaukata. Akaukunja utepe mara nne, akautia kwenye bahasha, akaandika tarehe, saa na jina lake juu. Bahasha hiyo, Mgeni rasmi, aliiweka mwenyewe ili asiwepo mwingine wa kushukiwa. Leo ndiyo kielelezo namba moja dhidi yake.

Wodini alimuuliza bibi maswali yaliyo ukurasa wa kumi na tisa wa kile kitabu. "Mzee ana chuma chochote mwilini? Kifaa cha moyo? Risasi? Msumari?"

"Chuma cha nini, mwanangu? Yeye mwenyewe ndiye chuma. Nimemgonga miaka arobaini hajapinda."

Wakacheka, hata daktari. Kisha picha ya kwanza ikatoka. Ilikuwa mistari mitupu.

Hapo daktari alipasuka. "Miezi saba tunalilia hili debe! Tumekata utepe wa serikali ili tuone zulia la mistari!" Bi Taratibu alifungua daftari lake dogo akaandika: *feni*. Akazima feni, akajaribu. Mistari. Akaandika: *taa ndefu*. Akazima. Mistari. Friji ya dawa ikaondolewa kwenye umeme, pampu ya maji nyuma ya ukuta ikazimwa, simu zote zikapelekwa nje kwenye beseni. Mistari. Akapiga magoti, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, mpaka chini ya kitanda cha jirani. Akatoka na chaja ya simu, ile ya bei ya chini, ina joto kama yai la kuchemsha.

"Hii ya nani?"

Daktari wa upasuaji akaangalia dari.

"Ni yangu," alisema.

"Asante, daktari. Ukitaka kuichomeka tena, nitaomba uichomeke nyumbani kwako."

Picha ya pili ilikuwa safi. Sote tuliiona, wauguzi, mfagiaji, bibi mwenyewe. Upande wa kulia, kati ya fuvu na ubongo, kulikuwa na kitu kipana kilichojipinda kama ganda la tikiti, na ubongo umesukumwa pembeni kama mtu aliyebanwa kwenye benchi. Daktari aliweka kidole kwenye skrini. "Hapa na hapa." Saa moja baadaye alitoboa matundu mawili, damu nyeusi kama oili chafu ikatoka.

Siku ya tatu seremala alifumbua macho akashika kichwa. "Nani mshenzi aliyeninyoa upande mmoja?"

Mkewe akaanza kulia palepale. "Ndiye! Ndiye huyo! Amerudi na mdomo wake!"

Tangu Jumamosi ile hadi jana asubuhi ni wiki tano. Bi Taratibu amepiga picha za watu sitini na mmoja, wote wameandikwa kwenye rejista kwa mkono wake. Ishirini na watatu matibabu yao yalibadilishwa kwa sababu ya picha. Thelathini na saba tuliwaambia hatujaona kitu, na mpaka leo hakijaonekana kitu. Mmoja tulimkosea. Tulimwambia kichwa chake hakina tatizo, baadaye hospitali kubwa ikakuta uvimbe mdogo kama punje ya maharage, ambao sumaku yetu dhaifu haikuuona. Bi Taratibu alikwenda nyumbani kwake kumwambia mwenyewe. Tangu siku ile kila jibu letu la "hatujaona kitu" lina sentensi ya pili, kwamba mashine hii haioni vitu vidogo sana, na maumivu yakiendelea mgonjwa asikae nyumbani. Tunalitaja na hili chini ya mafanikio. Ofisi haikutuelewa kwa nini.

CHANGAMOTO

Changamoto tunazo nyingi. Umeme hukatika, na picha iliyofika nusu hupotea. Wagonjwa wenye vishikizo vya chuma kwenye nywele hutugharimu saa nzima ya kufumua. Hayo tunayamudu.

Tusiyoimudu ni hii. Wiki iliyopita Bi Taratibu aliletewa barua ya kujieleza. Inasema alitumia mashine kinyume cha maagizo, aliharibu utepe ambao ni mali ya umma, na "aliunyima uzinduzi hadhi yake". Maneno hayo ya mwisho ni ya barua, hatukuyatunga. Kikao cha kumsikiliza ni kesho, na barua inataja adhabu ya kufukuzwa kazi.

Juzi alijiwa na mtu kutoka ofisini, mpole, mwenye nia njema labda. Akamwambia kuna njia. Rejista ile ya watu sitini na mmoja ichanwe, picha zifutwe kwenye mashine, ufungwe utepe mpya, na leo, mbele ya kamera, mashine ionekane inawashwa kwa mara ya kwanza. Barua ya kujieleza ingesahauliwa ndani ya droo.

Bi Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza kila mtu. Kisha akauliza, "Na seremala tumwambie matundu yake yametoka wapi?"

Yule mtu akasema asiifanye ngumu.

"Mimi siifanyi ngumu, kaka. Naipanga tu kichwani. Kuna watu ishirini na watatu wanaokunywa dawa kwa sababu ya zile picha. Daktari akitaka kulinganisha mwezi ujao, atalinganisha na nini?"

Akajibiwa kwamba hizo ni hoja za kitaalamu na hii ni sherehe.

Utepe mpya umefungwa, Mgeni rasmi. Ulifungwa jana jioni. Bi Taratibu hakuukata. Ameusogeza juu kidogo ili usiguse nywele za wagonjwa, na anafanya kazi chini yake. Utakapokwenda wodi ya nne utaukuta, mwekundu, umenyooka, hauna hata mkunjo.

Tumeambiwa risala isiwe na hasira. Tumejaribu. Tumeiandika mara tatu na kila mara tumetoa maneno makali, mpaka yakabaki haya ambayo ni matukio tu. Tumegundua kwamba hasira haikuwa kwenye maneno. Iko kwenye tarehe. Tarehe ya kreti, tarehe ya barua, Jumanne ya mfua mashuka, na leo. Hizo hatukuweza kuzilainisha. Hatukukasirikia sherehe. Nasi tunapenda kushona sare na kupiga makofi. Tulichokasirikia ni kwamba mtu mmoja alikaa mahali penye kivuli akapima, upande mmoja mkono wako na mkasi, upande wa pili kichwa cha mfua mashuka, na akaona mkasi ni mzito zaidi. Hatujui kama ulikuwa wewe. Kama hukuwa wewe, alifanya hivyo kwa jina lako, na tulidhani ungependa kujua.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba. Lilikuwamo gari la wagonjwa, lilikuwamo paa la wodi ya watoto, magodoro, na mengine uliyokwisha kuyasikia kwingine. Jana mchana tuliyafuta sita, kwa sababu tunajua maombi yakiwa mengi hujibiwa lile dogo.

Limebaki moja. Barua ya Bi Taratibu ifutwe leo, kwa maandishi, kabla gari lako halijatoka getini. Kusema tu kwamba litaangaliwa, au litafikishwa panapohusika, hakutatusaidia. Kikao ni kesho.

Hatuombi kwa sababu ni mwenzetu tu. Kuna wawili anaowafundisha. Mmoja amefika ukurasa wa tisini. Mwingine anajua kulaza kichwa lakini hajui bado kutafuta chanzo cha mistari. Akiondoka kesho, mashine itarudi stoo kwa kukosa mtu, na safari hii haitahitaji utepe.

Ratiba ya kesho iko hivi. Saa mbili na nusu asubuhi, fundi cherehani anayeona vitu viwiliviwili tangu mwezi uliopita. Saa nne kamili, mtoto wa miezi mitano ambaye kichwa chake kinakua kila wiki kuliko inavyotakiwa. Daktari anataka kujua kama ni maji na yako wapi. Saa sita, nafasi iko wazi, na haitakaa wazi.

Kikao cha Bi Taratibu nacho ni saa nne kamili.

Mama wa mtoto yule anakaa mbali. Lazima atoke kwake alfajiri. Asubuhi hii alitupigia simu, amesikia habari za kikao, akauliza swali moja: aje au asije? Tuliangaliana. Bi Taratibu alikuwa anamlaza yule muuza vitambaa, hatukumsumbua. Hatukujua utasema nini leo, na hatujui hata sasa tunaposoma mstari huu.

Tumemwambia aje.

Mgeni rasmi, tunakuombea kichwa chako kiwe kizima, na vichwa vya wote unaowapenda. Na ikitokea asubuhi moja mmoja wao akaamka hajui mkono wake uko wapi, Mungu amjalie akute mlango uko wazi, umeme upo, na ndani yumo mtu anayejua kazi.

Ni sisi, tuliotia sahihi hamsini na wanne,

Wafanyakazi wa Wodi ya Nne, Chumba cha Picha, Stoo, Jiko na Chumba cha Kufulia.